Mboga ya Pwani, Jamvi Juu ya Udongo wa Chumvi

Mboga ya pwani ni mmea mfupi unaotambaa, wenye majani manene yaliyojaa maji, unaoota pale ambapo bahari na nchi kavu zinagombania ardhi. Hausimami. Mashina yake hulala chini na kupishana kama miyaa inayosukwa, mpaka kipande kizima cha ufuo kikawa kimetandikwa jamvi la kijani lenye wekundu pembeni. Anayeufuata ukingo wa maji kutoka Lamu hadi Vanga, au kutoka Tanga hadi Mtwara, huukuta mara kwa mara: nyuma ya mikoko, kando ya mashamba ya chumvi, kwenye nyufa za miamba ya matumbawe, na kwenye mchanga ulio juu kidogo ya mstari wa takataka zinazoachwa na maji yakishapwa. Wapitao huukanyaga bila kuuliza habari zake, na hilo ni jambo la kusikitisha, kwa kuwa ni mimea michache sana duniani inayoweza kazi unayoifanya huu.

Shina lake ni laini, lina unene unaokaribia wa kalamu, na linaweza kutambaa zaidi ya mita moja. Limegawanyika pingili, na kwenye kila kifundo hutoka majani mawili yanayotazamana. Jani huwa na urefu wa sentimita 1 hadi 7, na upana wake kwa kawaida hauzidi sentimita 1.5, limechongoka upande wa kikonyo na kutanuka kidogo kuelekea nchani. Likivunjwa katikati hutoa mlio mdogo, kisha maji maangavu hujitokeza pale lilipokatika. Tone la maji hayo likiguswa kwa ncha ya ulimi, ladha yake ni chumvi tupu. Katika tone hilo ndimo ilimo siri nzima ya mmea huu.

Kitaalamu mmea huitwa Sesuvium portulacastrum. Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliuandika kwa mara ya kwanza mwaka 1753 akidhani ni ndugu wa karibu wa zile mboga za bustanini zenye mashina manene mekundu na vijiua vya njano, ambazo Kilatini huziita Portulaca. Mwaka 1759 alirekebisha na kuuhamishia kwenye jenasi ya Sesuvium, lakini kumbukumbu ya kosa lile ilibaki katika jina la pili, ambalo maana yake ni kitu kinachofanana na Portulaca bila kuwa yenyewe. Familia yake hasa ni Aizoaceae, ukoo mkubwa wa mimea yenye majani mazito ambayo mingi iko kusini mwa Afrika. Wenyewe wa pwani ya Waswahili hawakuhitaji Kilatini: waliona mboga, wakaiona iko pwani, wakaipa jina.

Mmea huu hauishi Afrika Mashariki peke yake. Umezagaa kwenye fukwe za nchi zote za joto, kuanzia Afrika hadi Asia, Australia, visiwa vya Pasifiki na Amerika. Huko Hawaii ni mmea wa asili na huitwa ʻākulikuli. Huko Ufilipino huitwa dampalit, na katika mji wa Malabon, karibu na Manila, upo mtaa wenye jina hilohilo la Dampalit. Bahari ndiyo iliyousambaza. Kipande cha shina kikikatwa na wimbi huelea, hubebwa, hutupwa ufukweni kwingine, na kikiangukia mahali penye unyevu huanza maisha upya. Mmea usioogopa maji ya chumvi hauna sababu ya kuogopa safari ya baharini.

Ili kuelewa ugumu wa makazi yake, ni lazima kwanza kuutazama mwendo wa maji. Katika pwani ya Afrika Mashariki, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na makubwa kuliko yote huja karibu na Machi na Septemba. Katikati ya bamvua moja na lingine kuna siku za maji mafu, ambapo bahari haipandi sana. Basi sehemu iliyoko juu, nyuma kabisa ya mikoko, hupata maji ya bahari siku chache tu katika mwezi, na pengine katika mwaka. Maji yakishaondoka, jua hubaki na kazi yake. Unyevu hupaa, chumvi haipai. Bamvua lijalo huongeza chumvi nyingine juu ya ile ya kwanza. Hatimaye udongo wa hapo huwa na chumvi kuliko bahari yenyewe, na msimu wa kiangazi huonekana ukoko mweupe unaovunjika chini ya nyayo. Wachemshaji na waanikaji wa chumvi hutumia kanuni hiyohiyo. Mashamba ya chumvi ya Gongoni na Ngomeni nchini Kenya, na yale ya Bagamoyo na Lindi nchini Tanzania, yako kwenye ardhi ya namna hii kwa sababu maumbile yalikwisha kuianza kazi.

Chumvi huua mimea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kiu. Mtengeneza ng'onda anaijua njia hii vizuri: hupasua samaki, hupaka chumvi, na chumvi huyavuta maji ya samaki yatoke nje. Maji hufuata upande wenye chumvi nyingi. Mzizi wa mhindi au wa mpunga ukiwa ndani ya udongo wa chumvi hupatwa na yaleyale. Unaweza kuwa umezama katika maji na bado ukafa kwa kiu, kwa sababu udongo una mvuto mkubwa kuliko mzizi. Maji ya bahari yana gramu zipatazo 35 za chumvi katika kila kilo moja, na mvuto wake ni sawa na takriban mara 25 ya mgandamizo wa kawaida wa hewa. Mmea wa shambani hauna nguvu ya kushindana na mvuto huo.

Njia ya pili ni sumu. Chumvi ya kawaida ina sodiamu na kloridi. Sodiamu inafanana sana na potasiamu, madini ambayo kila seli hai inayahitaji ili vimeng'enya vyake vifanye kazi. Sodiamu ikizidi huingia kwa mlango wa potasiamu, hukaa kwenye nafasi ya potasiamu, na kazi ya potasiamu haiifanyi. Majani huungua kuanzia kwenye ncha, ukuaji husimama, mmea hufa. Hata udongo nao huharibika: sodiamu nyingi hutawanya chembe za mfinyanzi, vitundu vya hewa huziba, na ardhi ikikauka huwa ngumu kama tofali.

Mboga ya pwani imeyajibu yote mawili kwa hatua moja, na ni hatua ya ajabu. Huipokea chumvi. Huivuta kutoka udongoni, huipandisha kwa shina mpaka kwenye majani, na humo ndani ya kila seli huifungia katika mfuko mkubwa wa maji ambao wanabiolojia huuita vakuoli. Mfuko huo una utando wake, na nje ya utando huo ndiko kuliko na vimeng'enya na shughuli zote nyeti za uhai. Chumvi imo ndani ya seli lakini haigusani na kitu inachoweza kukidhuru, mfano wa moto ulio ndani ya jiko. Nje ya mfuko, ili pande mbili za utando zisivutane maji kwa upendeleo, seli hujaza vitu laini visivyo na madhara, kikiwemo kimojawapo kiitwacho prolini.

Matokeo yake ni kwamba jani lenyewe linakuwa na chumvi nyingi kuliko udongo, na maji yanayofuata upande wenye chumvi hayana budi kuingia ndani ya mmea. Adui amegeuzwa kuwa mtumishi. Ndiyo maana majani ni manene: yanahitaji maji mengi ya kuizimua chumvi iliyohifadhiwa. Na ndiyo maana mmea huu ukipandwa kwenye maji yasiyo na chumvi kabisa hauneemeki kama unavyoneemeka ukipata chumvi ya kiasi. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba hukua vizuri zaidi katika maji yenye gramu kati ya 6 na 23 za chumvi kwa lita, na kwamba unaweza kustahimili hadi karibu gramu 58, kiwango kinachozidi bahari kwa mbali. Katika hali hizo za mwisho ukuaji hupungua na mashina hupiga wekundu, lakini uhai haukatiki.

Jirani zake wana mbinu nyingine. Mkoko wenye mizizi ya nguzo huikataa chumvi mlangoni. Mizizi yake huyachuja maji na kuiacha sehemu kubwa ya chumvi nje. Mchu, ambao mara nyingi ndio mti wa mwisho upande wa nchi kavu, huiruhusu kiasi kisha huitoa kupitia tezi za majani, na asubuhi yenye jua jani la mchu huonekana limenyunyiziwa chembechembe zinazometa. Mboga ya pwani haina tezi hizo. Inaweka akiba, na jani likishazeeka na kujaa hudondoka pamoja na mzigo wake.

Sasa hilo jamvi. Shina linapotambaa, kila kifundo kinachogusa udongo wenye unyevu kinaweza kutoa mizizi yake chenyewe. Kifundo kilichoshika mizizi hakitegemei tena shina mama. Wimbi likikata shina katikati, pande zote mbili huendelea. Kwa hiyo hakuna mahali pamoja ambapo jamvi linaweza kung'olewa likaisha. Kwenye mchanga wa ufuo jambo hili lina faida kubwa. Upepo wa kusi unapopeperusha mchanga, mashina huukwamisha. Mchanga hurundikana juu ya majani, mmea huota kupita juu ya mchanga huo na kutoa mizizi mipya kwenye safu mpya, safu nyingine hurundikana, na taratibu huzaliwa kituta. Kituta hicho ndicho mwanzo wa matuta makubwa ya mchanga yanayozuia mawimbi ya dhoruba kuingia ndani. Kwenye kazi hiyo mboga ya pwani hufuatana na mmea mwingine unaotambaa, wenye maua ya zambarau na majani yaliyogawanyika mfano wa ukwato wa mbuzi, pamoja na nyasi ngumu za ufuoni zenye mizizi ya kupenya mbali.

Kwenye matope ya nyuma ya mikoko, kazi ni tofauti, na pengine ni muhimu zaidi. Udongo mtupu wa hapo mchana huwaka. Mbegu ya mchu au mche wa mkandaa ukitupwa na maji kwenye uwanda mtupu, maji yakipwa huondoka nao, au huubakiza juani ukakauka. Penye jamvi hali hubadilika: majani hutia kivuli, udongo hupungua joto, mizizi hupitisha hewa kidogo kwenye matope yaliyoziba, na mashina yaliyosukana hunasa miche inayoelea ikabaki papo hapo. Watafiti waliofanya kazi katika visiwa vya Belize, upande wa Karibiani, walichapisha mwaka 2007 matokeo yanayoonyesha kwamba mimea mifupi ya namna hii, mboga ya pwani ikiwa mmojawapo, huisaidia mikoko kurudi mahali ilipokwisha kuharibiwa. Habari hiyo inastahili kusikika sana katika pwani ambako vikundi vya vijiji hupanda miche ya mikoko kwa bidii, lakini huenda vikaifyeka kwanza mimea inayotambaa ili pawe safi. Usafi huo unaweza kuwa ndio unaoiua miche.

Ua la mboga ya pwani ni dogo na halijitangazi. Hutoka moja moja kwenye kwapa la jani, likiwa juu ya kikonyo kifupi. Ncha zake tano ni za kijani upande wa nje na za waridi au zambarau upande wa ndani, na katikati zimejaa nyuzi nyingi za waridi zinazobeba chavua. Petali za kweli hazipo. Ua hufunguka kwa saa chache za mchana na kufumba. Likishachavushwa, tunda lake huwa kidonge kikavu chenye kifuniko: kinapoiva, sehemu ya juu hubanduka nzima, kama vile kawa inavyoinuliwa juu ya sinia, na ndani huonekana mbegu nyeusi zinazong'aa, kila moja ikiwa na upana wa milimita moja na kidogo.

Mmea unaovumilia chumvi kiasi hicho ungetarajiwa uwe na mbegu zinazoota popote. Sivyo. Mbegu zake huchelewa kuota, na huota vizuri zaidi chumvi ikipungua. Zinasubiri masika. Mvua nyingi inapoosha chumvi ya juu ya udongo, ndipo mche mdogo unapopata siku chache za kushusha mzizi kabla kiangazi hakijarudi. Kwa kuwa nafasi hiyo ni finyu, mara nyingi kuenea kwake ufukweni hutokana na vipande vya mashina, na mbegu hubaki kuwa akiba.

Kuhusu kuliwa, jina lenyewe linatosha kuwa ushahidi. Majani na ncha changa huchumwa, huoshwa mchanga, na huchemshwa. Maji ya kwanza humwagwa, mara nyingine na ya pili, ili chumvi ipungue. Kisha hupikwa kama mboga nyingine yoyote ya majani, na kwa mpishi wa pwani nazi haiko mbali. Chumvi haitiwi. Wafilipino huyafanya achari kwa siki, na Wahindi pia huyala. Mabaharia wa zamani waliyathamini kama dawa ya kiseyeye, ule ugonjwa wa kutokwa damu kwenye fizi unaoletwa na ukosefu wa vitamini C katika safari ndefu. Mbuzi na kondoo huyala wakiyakuta. Mwenye shinikizo la damu, hata hivyo, hana budi kujiangalia, kwa sababu kuchemsha hupunguza sodiamu lakini hakuiondoi yote. Na mboga iliyochumwa karibu na bomba la maji taka au bandarini haifai kuliwa na yeyote: mmea huu huvuta hata madini mazito yaliyo udongoni, na kinachoingia jikoni ni kile kilichokuwamo ardhini.

Uwezo huohuo wa kuvuta ndio uliowafanya wanasayansi waugeukie kama dawa ya ardhi. Wazo ni rahisi. Mmea upandwe kwenye shamba lililoharibiwa na chumvi, uachwe unyonye, kisha ukatwe na kuondolewa pamoja na chumvi iliyomo majanini. Jaribio la kusini mwa India lililochapishwa mwaka 2007 lilikadiria kwamba hekta moja ya mboga ya pwani inaweza kuondoa kilo 474 za chumvi katika miezi 4. Nchini Tunisia, watafiti walioandika mwaka 2010 waliuotesha kwanza kwenye udongo wa chumvi, wakauondoa, kisha wakapanda shayiri. Shayiri ikaota vizuri zaidi kuliko kwenye udongo ambao haukutayarishwa hivyo.

Pemba ingefaa kulifikiria jambo hili kwa uzito. Huko maji ya bahari yamekuwa yakiingia kwenye mabonde ya mpunga, na wakulima wameyaacha mashamba waliyorithi kwa wazazi wao. Mboga ya pwani haiwezi kuizuia bahari. Pasipo tuta au mikoko mbele, kila bamvua litarudisha kilichoondolewa. Wala haifai kukatwa na kuachwa ioze papo hapo, kwa kuwa chumvi itarudi ilikotoka. Lakini bonde likishazibwa, na mvua ikasaidia kuosha, mmea huu unaweza kuiharakisha kazi ambayo ingeachiwa mvua peke yake ingechukua miaka mingi, tena bila gharama ya mbegu za kigeni, kwa sababu upo tayari ukingoni mwa shamba lenyewe.

Pamoja na hayo yote, mmea huendelea kuondolewa. Fukwe za mahoteli hupitishwa reki kila asubuhi ili mchanga uwe mweupe mtupu. Kuta za zege hujengwa pale lilipokuwa jamvi. Magari huteremshwa mpaka majini. Mchanga usio na kitu cha kuushika huondoka, na mwenye nyumba huishia kununua mawe ya kuuzuia. Ni hasara inayoumiza zaidi kwa kuwa kuurudisha hakuhitaji mtaji. Hukatwa pingili zenye urefu wa shubiri moja kutoka kwenye jamvi lenye afya, chache hapa na chache pale ili mama asiumie. Majani ya chini huondolewa. Kila kipande hulazwa kwenye mtaro mdogo, vifundo viwili au vitatu vikifukiwa na ncha ikiachwa nje, hatua moja baina ya kipande na kipande. Wakati mzuri ni mwanzo wa masika, bamvua likishapita, ili mizizi ipate siku za maji mafu ya kujishikiza kabla wimbi halijafika tena. Vijiti vichache na kamba huzungushiwa ili watu na mbuzi wasipite. Baada ya hapo hakuna kumwagilia wala mbolea. Ncha hutambaa, kila kifundo kikigusa chini hushika, na vipande viwili vilivyokuwa jirani hukutana, vikapishana, mchanga wa katikati usionekane tena.